Barua ya wazi kwa viongozi wetu: njia ya tembo kwenda Ruvuma inazibwa ekari kwa ekari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii; Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi; wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri za Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu.

YAH: KUPIMA NA KULINDA USHOROBA WA SELOUS–NIASSA UPANDE WA LINDI NA MTWARA

Waheshimiwa viongozi,

Salaam kutoka Nanyumbu. Barua hii nimeiandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe haliko mezani kwa mtu mmoja. Lingekuwa la halmashauri moja ningepitia kwa mtendaji wa kijiji, ningepanda kwa mtendaji wa kata, na barua ingefika inakotakiwa kufika. Pori ninalolisemea limegawanywa na mipaka ya mikoa, wilaya na nchi mbili, na kila ofisi inakiona kipande chake tu. Hakuna anayeliona lote isipokuwa wanyama wanaolipita.

Kaskazini kuna Pori la Akiba la Selous, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa humo mwaka 2019, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kusini, ng'ambo ya Ruvuma, kuna Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji yenye kilomita za mraba zipatazo 42,000. Katikati ndiko tuliko sisi. Njia ya wanyama, yaani ushoroba, ya magharibi inayoziunganisha hifadhi hizi, ile ya Namtumbo na Tunduru, inasemwa sana kwenye semina na kwenye ripoti. Yetu ya mashariki inasemwa kidogo. Inashuka kutoka Liwale, inapita Nachingwea, inagusa Pori la Akiba Msanjesi, inaingia Pori la Akiba Lukwika-Lumesule na kufika ukingoni mwa Ruvuma, ambako mto ukipungua wakati wa kiangazi tembo huvuka kwa miguu juu ya mchanga. Ramani yote ni kama kibuyu chenye matumbo mawili, na sisi tunakaa shingoni.

Humu hupita tembo, mbwa mwitu, palahala, pofu, na nyumbu wa Niassa mwenye mstari mweupe unaokatisha usoni, ambaye watalii wa Serengeti hawamjui. Mtoni kuna viboko na mamba. Watoto wetu wengi wanawajua wanyama hawa kwa nyayo kuliko kwa sura, na hiyo nayo ni elimu ambayo sitaki iishie kwao.

Tulikotoka si mbali. Mwaka 1976 Selous na maeneo yanayoizunguka yalikadiriwa kuwa na tembo wapatao 110,000. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000. Niassa ilikuwa na tembo kama 12,000 mwaka 2011; miaka mitatu baadaye walibaki pungufu ya 5,000. Mtafiti Samuel Wasser na wenzake walipima vinasaba vya shehena kubwa za meno ya tembo zilizokamatwa sehemu mbalimbali za dunia, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kuwa sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana yalitoka hapahapa, kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka mmoja kabla ya hapo UNESCO ilikuwa imeiingiza Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Sisi tunaoishi huku harufu ya mizoga ilitufikia kabla ya takwimu.

Halafu Serikali iliamua, na naomba niseme hili kwa shukrani. TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ilianzishwa, doria ziliongezwa, na wakubwa wa biashara wakaanza kuguswa, wakati zamani aliyeguswa alikuwa kijana wa kijijini mwenye gobole. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara kutoka China, kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya meno ya tembo. Niassa nayo, kuanzia Mei 2018, ilimaliza mwaka mzima bila kuripotiwa tembo hata mmoja aliyeuawa na majangili. Kwa hiyo simwandikii mtu asiyeweza. Nawaandikia watu ambao walishaweza mara moja.

Kinachokuja sasa hakina bunduki. Mtu anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ekari tano za kulima ufuta. Ana haki ya kuomba. Ufuta unasomesha watoto Lindi na Mtwara, na tangu uingie kwenye stakabadhi ghalani bei yake inatangazwa mnadani, kila mtu anaisikia. Serikali ya kijiji inakaa, inampa. Anafyeka miyombo, anachoma, anapanda Januari au Februari. Ardhi mpya inatoa vizuri, kisha inachoka baada ya misimu michache, magugu yanazidi nguvu ya jembe, na anarudi kwa mwenyekiti kuomba nyingine mbele zaidi. Jirani yake anafanya vivyo hivyo. Kijiji cha pili pia. Pekua mihtasari yote ya vikao hutakuta popote pameandikwa kwamba wajumbe wamekubaliana kuifunga njia ya tembo. Utakuta ekari tano, ekari tatu, ekari kumi. Na njia imefungwa.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, kwa hiyo najua karatasi zetu zinavyofanya kazi. Mpango wa matumizi bora ya ardhi ulikuwepo. Ramani yake, yenye eneo la kijani la mapito ya wanyama, ilikuwa imekunjwa kabatini, mchwa wamekula kona moja. Porini kwenyewe mpaka wa eneo lile la kijani ulikuwa miti iliyopakwa rangi nyekundu. Mti mmoja uliopakwa rangi ulikuwa mninga mnene. Ulipokatwa kwa ajili ya mbao, mpaka nao ukaondoka kwenye lori. Mwingine ukawa mkaa. Mgeni anayepewa shamba leo hawezi kujua kuwa yuko ndani ya ushoroba, na mwenyekiti mpya aliyechaguliwa juzi hajui pia, maana hakuna aliyemkabidhi ramani wala kumpeleka kuona.

Sheria tunayo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inampa Waziri uwezo wa kuyatangaza mapito ya wanyama, na kanuni za shoroba zilitungwa mwaka 2018. Sheria za ardhi za vijiji na za mipango ya matumizi ya ardhi zipo pia. Tunachokosa ni nguzo ya zege ardhini, yenye namba, ambayo mtu akiipita anajua ameipita.

Nachingwea haihitaji kufundishwa juu ya kufyeka kwa pupa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947. Matingatinga yaling'oa pori, reli ikajengwa kutoka Mtwara pamoja na bandari yake, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960. Wazee wa pale bado wanaonyesha ilikopita. Zile zilikuwa pupa za mkoloni mwenye fedha nyingi na haraka nyingi. Leo ni panga, shoka na kiberiti, mikononi mwa watu wetu wenyewe wenye shida za kweli, na ndiyo maana ni vigumu zaidi kulisema. Moto wa Septemba na Oktoba, wakati majani yamekauka kabisa, unatoka shambani unaingia porini na kuunguza hata miche ambayo ingekuja kuwa mpingo wa wajukuu.

Kuhusu mifugo nitasema kwa uangalifu, kwa sababu huku maneno haya yanaweza kugombanisha watu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu ili kuuokoa Mto Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi. Walielekezwa, hawakuvamia. Wengine walifuata baadaye wenyewe. Mahali pengi walipofika hapakuwa na malambo wala majosho ya kuwatosha, na ng'ombe hasomi kibao: kiangazi anafuata maji, na maji ya kiangazi huku ni yale madimbwi ya mitoni yanayowaweka hai kuro na palahala. Anayemlaumu mfugaji peke yake anaisamehe bure ofisi iliyomtuma bila kumwandalia.

Sasa naomba mnisikilize upande wa mkulima aliye jirani na pori, kwa sababu hapa ndipo uhifadhi wetu unaposhinda au kushindwa.

Tembo huja usiku, tangu mahindi yanapoanza kukomaa hadi Mei. Wengi wanadhani kundi la tembo linakuja kwa kishindo. Hapana. Kinachosikika kwanza ni mabua yakivunjika, moja, kisha jingine, taratibu, ndani kabisa ya shamba, na wakati huo wameshakula sana. Watu wanapiga madebe, wanamulika tochi, wanawasha moto. Wenye uwezo wamezungushia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Wengine wametundika mizinga ya nyuki. Mama mwenye mtoto mgongoni anakimbilia kwenye dungu la jirani. Oktoba mabibo yakianza kuanguka wanarudi tena, safari hii kwenye mikorosho. Tembo akilitaka bibo lililo juu huinamisha tawi zima, nalo hupasuka hadi kwenye shina. Mkorosho uliopasuka hivyo ni hasara ya miaka, kwa sababu wa kuziba pengo lake inabidi upandwe, upaliliwe na kusubiriwa.

Asubuhi mkulima anakwenda kwa mtendaji. Mtendaji anaandika, anapiga simu wilayani. Afisa wanyamapori anatakiwa kufika kutathmini wakati nyayo bado zipo. Pikipiki haina mafuta, au yuko kata nyingine kwa kazi hiyohiyo, maana ni yeye na mwenzake wilaya nzima. Akifika mvua imeshanyesha. Fomu zinajazwa, zinapanda ngazi, zinakaa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango cha juu cha kifuta jasho kuwa shilingi 100,000 kwa ekari, tena zisizozidi ekari tano, na kiwango kilipanda kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Familia ya mtu aliyeuawa na mnyama hatari iliwekewa shilingi 1,000,000. Mtu anaweza kubishana juu ya viwango, na mimi naona vilikuwa vidogo mno. Lakini kinachowaumiza watu zaidi ni muda. Fedha ya mahindi ya msimu huu ikija baada ya misimu miwili, wakati watoto walishatolewa shule na mbuzi wameshauzwa, haimponyi mtu.

Waheshimiwa, jangili hafuatilii kundi la tembo kwa miujiza. Anaambiwa. Anapigiwa simu na mtu aliyeliona kundi likipita, na mtu huyo mara nyingi ni mkulima aliyelala njaa kwa sababu ya kundi hilohilo, ambaye fomu yake iko kwenye droo. Kila fomu inayocheleweshwa inamwandalia jangili rafiki kijijini. Ninyi mnaoandika bajeti za doria na bajeti za kifuta jasho kwenye vitabu tofauti, naomba mjue kuwa huku kijijini ni bajeti moja.

Tena si tembo pekee. Lindi ina kumbukumbu mbaya ya simba. Utafiti wa Craig Packer na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Walichokibaini watafiti hao, sisi wakulima wa huku tunakitambua: watu hulala mashambani kufukuza nguruwe pori, na pale ambapo wanyama wengine wamewindwa wakaisha kwa nyaya na magobole, nguruwe ndiye nyama aliyebaki, kwa hiyo simba humfuata hadi shambani. Pori likitobolewa matundu matundu, mnyama na mtu wanakutana kila usiku.

Najua kwamba siku hizi Ruvuma mnaitazama zaidi kwa jicho la ulinzi, na hamjakosea. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya mto, inawaka kwa mashambulizi ya waasi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa upande wetu, na damu ya Watanzania ikamwagika. Mwaka 2025 mashambulizi yaliingia ndani ya Hifadhi ya Niassa na askari wa wanyamapori wakauawa kazini. Hawa walikuwa walinzi wa tembo walewale wanaovuka kuja kwetu, na nawaombea marehemu wapumzike kwa amani. Vijiji vya mtoni vinaishi na hofu ambayo mtu wa Dodoma hawezi kuipima kwa simu.

Lakini ulinzi na uhifadhi visichukuliwe kama kazi zinazogombea fedha. Pori lisilotembelewa na mtu mwema ndilo linalofaa kwa mtu mbaya. Askari wanyamapori wa kijiji, VGS, anajua kila kivuko na kila dimbwi. Akiona nyayo za viatu mahali pasipo na shamba anaelewa kabla ya yeyote. Leo wengi wao wanafanya kazi kwa posho isiyotabirika, bila buti, bila redio, na simu ambayo mtandao wake unakatika ukishuka bondeni. Wamakua, Wayao na Wamakonde wana shangazi na wajomba ng'ambo. Mto huu kwao ni njia ya kwenda msibani na harusini. Mkiwashirikisha watu hawa, mna macho pande zote mbili. Mkiwashuku wote, mmeyafumba wenyewe.

Kuhusu barabara nitakuwa mfupi. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010 na tulilifurahia. Lami ya kwenda Tunduru nayo tunaifurahia. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ikijengwa tutaishangilia. Ila mhandisi apewe ramani ya mapito kabla hajachora, ili vivuko vya wanyama viwe ndani ya gharama tangu mwanzo. Kuvijenga baadaye ni ghali, na huwa havijengwi. Magogo na mbao zinazopita mpakani zikaguliwe mchana na usiku, maana mkongo na mninga wa ng'ambo hauwezi kuwa halali kwa sababu tu umevuka daraja.

Msiseme wanakijiji hawawezi kutunza. Kilwa, mkoani Lindi, vijiji viliutunza mpingo wao kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation, na mwaka 2009 wakapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Kila gogo lina hesabu na fedha inabaki kijijini, kwa sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiachia kijiji mapato ya msitu wake. Liwale kuna Magingo, jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori, na kuna Msitu wa Angai, mkubwa kuliko baadhi ya wilaya. Mahali mwananchi anapouona msitu ukimlipia madawati, hahitaji kuhubiriwa.

Naomba basi, kwanza kabisa na kuliko yote, wapimaji. Ushoroba huu upimwe kutoka Liwale hadi Ruvuma, uwekewe nguzo za zege, na kila kijiji unachopitia kibandikiwe ramani ukutani mwa ofisi, mahali ambapo mwananchi anaiona bila kuomba ufunguo. Walio ndani tayari wasifukuzwe kwa moto na virungu. Wakae mezani, wapewe ardhi mbadala iliyo bora na hati za kimila, na wahame baada ya kuvuna. Tukianza kwa kuchoma vibanda, tutapoteza kila mtu.

Kifuta jasho kilipwe kabla ya msimu unaofuata wa kupanda, na halmashauri iruhusiwe kulipa hasara ndogo yenyewe bila kusubiri makao makuu. Hesabu ya mikorosho ifanywe kwa mti na umri wake. VGS wapewe mkataba, hata wa mwaka mmoja mmoja, na redio. Wafugaji wachimbiwe malambo nje ya ushoroba, mahali watakapoonyeshwa wao na wenyeji kwa pamoja. Na kwa kuwa SADC tayari inaitambua Selous–Niassa kuwa eneo la hifadhi linalovuka mipaka, wakuu wa wilaya zetu na wenzao wa ng'ambo wakutane mpakani, kwa ratiba inayojulikana, badala ya kusubiri marais wasaini kila jambo.

Wakuu wa mikoa, ninyi wawili mnaweza kuanza bila kungoja bajeti mpya: toeni agizo kwamba hakuna kijiji kilicho kwenye njia hii kitakachogawa shamba jipya upande wa pori mpaka mpimaji afike. Vikao vya kugawa mashamba kwetu hufanyika kabla ya mvua za Novemba. Agizo likitoka baada ya hapo, litakuta ekari za mwaka huu zimeshafyekwa.

Wenu katika kulitumikia Taifa,

Mkulima wa korosho na ufuta, aliyewahi kuwa mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji,
Wilaya ya Nanyumbu, Mtwara